Kromu ya tangi la pikipiki ya zamani: nini cha kununua kwanza

Kabla hujatoa hela yoyote, osha tangi kwa maji na sabuni, likaushe, kisha pitisha ukucha juu ya madoa ya kahawia. Ukucha ukiteleza, kutu imetulia juu tu na dawa yake ni rahisi. Ukinasa kwenye vishimo, au kromu ikiwa inabanduka kama maganda, chuma chenyewe kimeshaliwa na hakuna polishi itakayokirudisha.

Kromu ya mapambo ni utando wa chini ya mikroni 1 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Chini yake kuna nikeli, kwa kawaida mikroni 10 hadi 30, na nikeli ndiyo inayokinga chuma na kutu. Kromu huilinda nikeli isififie wala kukwaruzika. Kila ukisugua ovyo unapunguza kitu ambacho hakipo dukani. Ndiyo maana nimepanga orodha hii kwa kigezo kimoja: njia inayobakiza zaidi kromu ya kiwandani ndiyo iko juu.

1. Foili ya jikoni, maji na polishi laini

Hii ndiyo ya kwanza kwa matangi mengi, na inasikitisha kuona watu wakiiruka kwa sababu ni rahisi mno. Alumini ni laini kuliko kromu, kwa hiyo huondoa kutu bila kukwaruza. Kunja kipande cha foili, kichovye kwenye maji, sugua polepole. Utatoka uji mweusi. Ufute, uangalie, urudie. Malizia kwa polishi iliyoandikwa kuwa ni ya kromu. Zile za shaba na alumini mara nyingi zina chembe kali zaidi, na zenye amonia hupenya kwenye nyufa na kuila shaba ambayo matangi mengine huwa nayo chini ya nikeli. Mwisho paka nta, hasa kuzunguka mfuniko ambako petroli na maji hukaa.

Ukilazimika kutumia stilwaya, chukua ile laini kabisa ya namba 0000, kisha futa mabaki yote. Vipande vyake vikibaki vitaota kutu yao wenyewe.

2. Asidi nyepesi

Ni kwa kutu iliyong'ang'ania kwenye vitundu vidogo. Asidi ya sitriki inatosha. Ya oksaliki ina nguvu zaidi lakini ni sumu, vaa glavu. Usilizamishe tangi lenye rangi ya asili. Lowesha kitambaa, kibandike kwenye doa, kifunike kwa plastiki kisikauke, na ukague kila baada ya muda mfupi. Usiguse kabisa dawa ya choo yenye asidi ya hidrokloriki: hiyo huyeyusha kromu yenyewe.

3. Kuchovya upya kwenye kromu karakanani

Vishimo vikishafika kwenye chuma, hii ndiyo njia pekee ya kweli. Iko ya tatu kwa sababu haina kurudi nyuma: kromu na nikeli ya zamani huondolewa zote, chuma husuguliwa, kisha huja shaba, nikeli na kromu. Gharama kubwa iko kwenye kusugua, kwa hiyo bei ndogo sana ina maana kwamba kazi hiyo imerukwa. Muulize fundi kama ataweka shaba nene na kuisugua ili ijaze vishimo, na ataziba vipi matundu ya tangi asidi isiingie ndani. Tangi langu la kwanza lilirudi linang'aa kama kioo. Baada ya miezi michache mshono wa chini ukaanza kutoa machozi ya kahawia, kwa sababu asidi ilibaki humo. Tangu siku hiyo swali la mishono ndilo langu la kwanza.

Mikunjo inyooshwe na matundu yachomelewe kabla ya kuchovya. Mvuke wa petroli hulipuka hata kwenye tangi lililokaa tupu muda mrefu, kwa hiyo lisafishwe kabisa kabla moto haujasogea karibu. Na kama lako ni la aina ya BSA Gold Star, pikipiki ya zamani ya Uingereza, lenye kromu na rangi pamoja, mkumbushe fundi wa rangi akwaruze kromu kwa msasa kwanza, la sivyo rangi haitashika.

4. Tangi jipya la kuiga

Linafaa pale la asili limeoza hadi ndani. Jaribu mfuniko, koki na matundu ya boliti kabla ya kulipa.

5. Kupulizia madini ya fedha, au rangi ya kopo

Fedha ya kupulizia hupendeza sana siku ya kwanza, ila uhai wake wote uko kwenye vanishi ya juu, na petroli ni adui wa vanishi nyingi. Rangi ya kopo ni dhaifu zaidi: haifikii mng'ao wa kioo, na ukiipaka vanishi hugeuka kijivu. Itumie chini ya tangi, upande uliofichwa na kiti, ambako petroli haidondoki.