Ndege Mbili za Rufiji: Tathmini ya Huduma za Kumbukumbu za Askari wa Anga kwa Mtafiti Aliyeko Dar es Salaam

Kwa muda wa miezi minne nimekuwa nikitumia katalogi ya mtandaoni ya Nyaraka za Taifa za Uingereza, zilizoko Kew, London, pamoja na hifadhidata ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ili kufuatilia ndege za kivita zilizopotea katika delta ya Rufiji wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na rekodi za utumishi za marubani wake. Kazi yote nimeifanya nikiwa Mbagala, kwa simu na kompyuta mpakato ya kuazima. Naandika tathmini hii kwa sababu najua wapo wengi hapa mjini wenye hadithi za ukoo zinazohusu vita vile, nao hawajui kwamba sehemu kubwa ya kumbukumbu hizo inaweza kufikiwa bila kusafiri.

Swali langu lilitoka nyumbani. Ndugu zangu wa upande wa mama ni watu wa delta, na wazee wao wamekuwa wakisimulia habari za ndege iliyoanguka mtoni wakati Waingereza wakiiwinda manowari ya Kijerumani Königsberg, ambayo ilijificha huko baada ya kuizamisha HMS Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Hadithi hiyo ina pande mbili. Marehemu bibi alishikilia kwamba rubani alikamatwa na Wajerumani. Mjomba wangu hushikilia, kama alivyosimuliwa na baba yake, kwamba rubani aliokolewa na meli ya Waingereza. Ubishi huo nimeusikia katika kila msiba na kila harusi tangu utotoni.

Kumbukumbu zimeonyesha kwamba wote wawili walikuwa sahihi, kwa kuwa ndege zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Curtiss, ya aina inayotua majini, na rubani wake H. Denis Cutler alikuwa raia wa kawaida aliyeajiriwa pamoja na ndege yake kutoka Durban mwaka 1914. Alikuwa akiruka kutoka kisiwa cha Nyororo, karibu na Mafia, na rejeta ya ndege ilipoharibika ikaletwa rejeta ya gari la Ford kutoka Mombasa. Aliiona Königsberg kwa macho yake, lakini mwezi Desemba injini ilimzimikia juu ya delta, akashuka majini na kukamatwa. Huyo ndiye rubani wa bibi. Ya pili ni ile ya John Cull na mwangalizi wake Arnold, ambao tarehe 11 Julai 1915 walikuwa angani wakizielekeza kwa redio meli mbili za Waingereza, Severn na Mersey, mahali makombora yao yalipokuwa yakiangukia. Ndege yao ilipigwa, na hata ilipokuwa ikishuka bila nguvu ya injini waliendelea kutuma masahihisho ya shabaha, kisha wakaangukia mtoni na kuopolewa na watu wa Mersey. Siku hiyo hiyo Königsberg ilikwisha. Huyo ndiye rubani wa mjomba.

Nguvu ya huduma ya Kew inaonekana pale mtu anapotoka kwenye tukio na kumfuata mhusika mmoja mmoja. Maofisa wa kikosi cha anga cha Jeshi la Majini wamo katika mfululizo wa ADM 273, ambao unatafutwa kwa jina na kupakuliwa. Hizi ni kurasa za daftari zilizoandikwa kwa mkono: tarehe ya kuajiriwa, vituo alivyopangiwa, na pembeni maoni mafupi ya wakuu wake kama kijana huyo anafaa kuongoza au anafaa kurusha ndege tu. Nilichapisha ukurasa mmoja katika steshenari ya jirani, ukakuzwa mara mbili, kwa sababu kwenye simu mwandiko ulikuwa umebanana mno. Tulikaa barazani na mjomba nikimfasiria neno kwa neno, naye alinisimamisha kila jina la mahali analolijua lilipotokea.

Jambo ambalo mtafiti mgeni hulikosa, na lililonipotezea wiki nzima, ni tarehe 1 Aprili 1918. Siku hiyo kikosi cha anga cha majini na kile cha nchi kavu viliunganishwa kuwa RAF, yaani Jeshi la Anga la Kifalme la Uingereza, na karatasi za mtu aliyeendelea kutumikia zikagawanyika. Ofisa asiyeonekana baada ya hapo katika ADM 273 atafutwe katika AIR 76. Askari wa kawaida wako AIR 79, lakini humo majalada yamepangwa kwa namba ya askari, siyo kwa jina, kwa hiyo faharasa ya AIR 78 hukusaidia kuipata namba kwanza. Ukilijua hilo, kazi inanyooka. Kwa maofisa wa kikosi cha nchi kavu, ambacho Kikosi chake Namba 26 kilifanya kazi huku Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1916, Jumba la Makumbusho la RAF nalo limeweka mtandaoni fomu za majeruhi. Jina la fomu hizo lisimpotoshe mtu, kwani zinaonyesha pia uhamisho na kulazwa hospitalini, na mara nyingi ndizo zinazojaza miezi ambayo jalada la utumishi limeiruka.

Msomaji ambaye hadithi yake ni ya Vita vya Pili ana njia tofauti kidogo, na Dar es Salaam inahusika moja kwa moja, kwa sababu Kikosi Namba 259 chenye ndege za Catalina kilihamia hapa mwaka 1943 na kubaki hadi kilipovunjwa mwaka 1945. Catalina za kikosi hicho na za Kikosi Namba 265 ndizo zilizoizamisha nyambizi ya Kijerumani U-197 kusini mwa Madagaska tarehe 20 Agosti 1943. Madaftari ya shughuli za vikosi yako AIR 27. Fomu 540 hutoa muhtasari wa siku, na Fomu 541 hutaja kila safari: namba ya ndege, majina ya waliomo, saa ya kuruka na saa ya kutua. Ndege iliyopotea huwa haina saa ya kutua, na maelezo yake mara nyingi hayazidi kusema kwamba haikurudi. Uchunguzi wa kilichowapata watu wake uko AIR 81, majalada ambayo yamekuwa yakifunguliwa kwa mafungu kufuata tarehe ya tukio. Rekodi za utumishi za kipindi hicho nazo zilianza kuhamishwa kutoka Wizara ya Ulinzi kwenda Kew mwaka 2022, na ni mamilioni ya majalada, kwa hiyo mwombaji awe na subira.

Hifadhidata ya Tume ya Makaburi ni bure, na inafaa kuwa hatua ya kwanza kwa anayemtafuta mtu aliyefia vitani, kwa sababu inakupa tarehe ya kifo, kikosi, na mara nyingi namba ya askari. Nashauri pia kufika katika makaburi yenyewe hapa Barabara ya Bagamoyo, yaliyoanzishwa mwaka 1968 baada ya makaburi 660 ya Vita vya Kwanza kuhamishwa kutoka eneo la Ocean Road kupisha ujenzi wa barabara. Nilikwenda asubuhi ya Jumamosi na daftari. Kusoma majina kwenye mawe, moja baada ya jingine, kulinipa watu wa kuwatafuta ambao skrini isingenipa.

Tahadhari yangu ni kuhusu tovuti moja ya kulipia ya nje, ambayo sitaitaja. Niliilipa kabla sijaijua Kew vizuri, ikaniuzia taarifa ambazo kwa kiasi kikubwa zinapatikana bure kwa Tume, kisha ikaendelea kukata fedha kwenye kadi yangu mwezi wa pili bila mimi kuomba. Anzeni na vyanzo rasmi. Kizuizi cha kweli katika vyanzo hivyo ni lugha: kila kitu ni Kiingereza, na mzee kama mjomba hawezi kuvitumia bila mtu wa kukaa naye.

Tulipomaliza habari za Cull, mjomba alikunja ile karatasi akanirudishia. Akaniambia, “Mwanangu, sasa nitafutie na babu yangu. Walimchukua upagazi mwaka 1916, hakurudi.” Nililiandika jina kwa tahajia zote nilizoweza kufikiria, Kew na kwa Tume, na hakuna lililotoka. Rubani mmoja wa Rufiji ana ukurasa wa utumishi wenye maoni ya wakuu wake. Mpagazi wa vita hivyo hivyo hana hata mstari. Tume yenyewe ilikiri katika ripoti ya mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya Askari pale Mtaa wa Samora, iliyosimamishwa mwaka 1927, inawataja wapagazi kwa ujumla wao, lakini haina jina la mtu.

Huduma hizi nazipendekeza kwa moyo wote kwa yeyote anayemtafuta rubani au ofisa. Kuhusu babu yake mjomba, nimeandika jina lake, la baba yake, la kijiji na mwaka aliochukuliwa, nikayatuma kwa Tume pamoja na maelezo ya mjomba niliyoyarekodi kwa simu. Mjomba huniuliza kila Ijumaa kama wamejibu.