TAHADHARI: jamaa anauza "chaja ya kutolea kutu" 12V 20A, umeme wa soketi unafika moja kwa moja kwenye ndoo

Wakuu habari zenu, naomba msome hii hadi mwisho hasa mafundi seremala na wale wa gereji mnaotoa kutu kwa umeme, maana mimi ningeweza kufa wiki iliyopita na wala sitii chumvi.

Nina randa ya chuma ya marehemu baba, imekaa stoo miaka mingi imekula kutu mpaka parafujo hazigeuki. Nikaona njia ya ndoo (chuma unakitumbukiza kwenye maji na kupitisha umeme wa chaja, kutu inatoka) ndio itaifaa, sikutaka kuisugua na msasa iishe. Natafuta chaja ya bei nafuu nikakutana na tangazo, boksi jekundu lina geji ya sindano mbele, limeandikwa 12V 20A, "maalum kwa kutoa kutu", elfu 65 unaletewa mpaka mlangoni hapa Dar. Nikamtumia hela kwa simu, bodaboda akaleta mzigo, nikaupima kwa mkono, ni mzito kabisa, nikajua ndani kuna transfoma ya maana (ile inayoshusha umeme wa soketi na kuutenganisha na mkono wako).

Nikaweka maji kwenye ndoo ya plastiki na soda eshi (magadi), negativu kwenye randa, positivu kwenye kipande cha nondo. Nikawasha. Mapovu kidogo sana, yaani kama maji yanayotaka kuchemka na hayachemki. Nikadhani klipu haijabana vizuri nikaishika, si ni volti 12 tu, haziwezi kukurusha. Ilinirusha mpaka ukutani!! Nilikuwa na ndala miguuni, nadhani ndizo zilizoniokoa, na sakiti breka ya nyumbani haikukata. Mwanangu wa miaka 6 alikuwa amesimama hapo hapo anaangalia mapovu, hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Baadaye nikachukua mita nikapima klipu zikiwa wazi, 318 volti DC. Nikachomoa nikafungua boksi. Transfoma hamna. Kuna kapasita moja, daiodi nne, na kipande cha zege kimegandishwa chini na gundi ili boksi liwe zito. Geji ya mbele haina hata waya nyuma yake. Kwa hiyo umeme wa TANESCO unapita kwenye kapasita na daiodi kisha unaingia kwenye maji yako, hakuna kinachoutenganisha na mkono wako, na hizo ampia 20 hata moja haifiki, ndio maana mapovu hayatoki.

Nikampigia muuzaji, akaniambia kosa langu nimeweka magadi badala ya chumvi ya mezani na ningefunga bati la stenlesi badala ya nondo. Msimsikilize!! Chumvi ya mezani inatoa gesi ya klorini, na stenlesi inaacha kromiamu yenye sumu kwenye maji, hayo maji huwezi kumwaga popote. Nilipomwambia anirudishie hela akaniblok. Namba yake nimeituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu.

Sasa kama tayari una chaja ya namna hii fanya hivi kabla hujaigusa tena. Chomoa kwenye soketi, weka mita kwenye alama ya daiodi, waya mmoja wa mita kwenye pini ya plagi na mwingine kwenye klipu, halafu badilisha nafasi za waya hizo. Jaribu pini zote mbili za umeme (ya eathi iache) na klipu zote mbili. Mita ikikuonesha namba yoyote inayotulia basi hiyo sio chaja, usiichomeke. Uzito usikudanganye kama ulivyonidanganya mimi.

Kwa bei ndogo mimi sasa natumia pawa saplai ya kompyuta ya mezani, used, nimeipata Kariakoo elfu 20 na muuzaji aliiwasha nikapima mbele yake. Unaunga waya wa kijani na mweusi inawaka, wa njano ndio positivu 12V, mweusi mwingine negativu, na randa na nondo zikigusana kwa bahati mbaya inajizima yenyewe. Hakikisha soketi yako ina eathi ya kweli. Chaja ya zamani ya betri ya gari yenye transfoma nayo inafaa sana, ila hizi mpya za kidijitali nyingi hazitoi umeme mpaka zione betri, utadhani mbovu. Soda eshi kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4 inatosha, fanyia nje maana ile gesi inayotoka inawaka moto, na zima kabisa kabla ya kuingiza mkono hata kama una uhakika na mashine yako.

Boksi bado ninalo likiwa wazi, aliyenunua kama hili na anataka kulinganisha na lake aniandikie inbox nimtumie picha za ndani.