Jinja ama Murchison: Naili uuone wapi?

Likizo zikikaribia hapa Mombasa swali huwa ni lile lile, ukifika Uganda mto Naili ukautazame Jinja ama uende mpaka maporomoko ya Murchison?

Kwa nauli Jinja inashinda bila ubishi, iko njiani kabisa, kama kilomita 80 kabla ya Kampala, mabasi ya kutoka mpakani Malaba yanapita hapo hapo. Maji yanatoka Ziwa Victoria polepole, unakodi mashua mnagawana. Ila maporomoko ya Ripon aliyoyaona mvumbuzi Mwingereza Speke 1862 hayapo tena, yalimezwa na maji ya bwawa la Owen Falls miaka ya 50, na hilo linaniuma sana.

Murchison sasa, wallahi! Mto umeshapita Ziwa Kyoga na mafunjo yake, ukageukia magharibi, halafu karibu wote unabanwa kwenye mwanya wa kama mita 7 tu na kuporomoka zaidi ya mita 40 kabla haujaingia Ziwa Albert. Ukisimama pale juu mwamba unatetemeka miguuni, shati linalowa. Lakini ni mbugani, kuna kiingilio, na bila gari la kukodi utahangaika.

Una siku mbili na watoto wadogo, shukia Jinja. Mna wiki nzima na mmechangiana mafuta, nendeni Murchison.