Jioni ya picha za Mlima Fuji, mgahawani Moshi mjini

Mimi ni mpagazi wa Kilimanjaro, kwa hiyo mlima wowote unanihusu. Kiingilio shilingi 5,000 pamoja na kahawa. Bei ya haki. Msimulizi anaijua kazi yake. Alieleza jinsi Tokugawa Ieyasu, shogun (mtawala wa kijeshi) wa Japani, alivyolijenga upya hekalu kuu la Sengen, mungu wa Mlima Fuji, kule mji wa Fujinomiya chini ya mlima, mwaka 1604, na jinsi serikali ilivyotenganisha Ushinto, dini ya jadi ya Wajapani, na Ubudha kuanzia 1868, hadi sanamu za Buddha zikaondolewa kileleni. Hapo niliumia, maana kuna watu walizibeba mpaka mita 3,776! Wanawake nao walifunguliwa njia ya juu mwaka 1872. Spika ilikwaruza, tuliokaa nyuma tukakosa maneno mengi. Rekebisheni, kisha leteni na Mlima Koya, ule mlima mtakatifu wa Ubudha huko Japani. Nitakuja na wenzangu.