Turubai la boti lililoshonwa Moshi: uzoefu wangu baada ya masika moja

Nina boti ndogo ya faiba yenye urefu wa mita 4, ambayo huitumia kuvuka Mto Kikuletwa kwenda shambani, kusini mwa mji wa Moshi, kabla mto huo haujaingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Mwezi Februari nilimpa kazi fundi mmoja wa mjini, ambaye shughuli yake ya kila siku ni kushona maturubai ya malori, anishonee la kuifunika boti hiyo, kwa kuwa masika yalikuwa yanakaribia na lile la awali, la plastiki ya bluu, lilikuwa limeshakauka kwa jua na kuchanika vipande. Nililipa shilingi 190,000 pamoja na kamba.

Kitambaa chenyewe sina neno nacho. "Hili ndilo linalofunika mizigo ya Tunduma, kaka," aliniambia akilikunjua, na kweli, tangu Machi hadi Mei sikuona tone lililopenya, hata kwenye mishono. Kasoro ipo kwenye pete za kupitishia kamba. Alizipanga kila baada ya sentimita 80, nafasi inayolifaa lori ambalo shehena yake hulisukuma turubai kwa ndani likabana. Boti iko wazi katikati, kwa hiyo turubai lililegea likafanya bonde. Asubuhi moja ya Aprili nilikuta maji yametuama humo, nikachota ndoo 5 kabla ya kuthubutu kufungua, na upande wa omo, yaani mbele ya boti, ulikuwa umeinama hadi ukingo wake ukabaki kiganja kimoja tu juu ya mto.

Niliporudi kwake aliongeza pete katikati ya zile za mwanzo bila kunitoza, jambo ninalomshukuru, ingawa hizo za nyongeza ni laini mno na mbili zimeshang'oka. Kilichoondoa tatizo hasa ni mwanzi mmoja mrefu nilioulaza kutoka omo hadi tezi, yaani nyuma ya boti, juu ya vipande viwili vya mbao, turubai likakaa kama paa la mgongo na maji yakateremka pande zote. Kwenye pete za chini nimening'iniza chupa za maji zilizojazwa mchanga badala ya kupitisha kamba chini ya boti. Upepo haulifunui, na hewa inapita, maana likibanwa kabisa ndani huota ukungu na viti hunuka.

Kamba aliyonipa ilikuwa ya manila, na nilifurahi kwamba haikuwa ya katani, ambayo ikishinda majini huoza. Kosa la kuifunga boti kwa kamba hiyo lilikuwa langu. Niliifunga fupi, kwenye mzizi ulio karibu na maji, na mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akipita alisimama akaitazama. "Mwanangu, mto ukipanda hapa utakuwa umeizamisha wewe mwenyewe," alisema. Alikuwa sahihi, kwani Kikuletwa hukusanya maji ya miteremko ya Meru na Kilimanjaro, na unaweza kujaa usiku huku kwetu chini hakujanyesha. Kamba fupi huivuta omo chini wakati maji yanaiinua boti. Sasa naifunga juu kwenye shina, omo ikielekea mkondo unakotoka, kamba ikiwa na ulegevu wa kutosha, na ya pili inashika tezi ili isizunguke na kupokea maji kwa nyuma.

Kwa jumla ningempa fundi alama 7 kati ya 10, na nitarudi kwake. Safari ijayo, hata hivyo, nitamleta mtoni aipime boti yenyewe, kwa sababu vipimo nilivyompelekea vilifanya turubai lipungue sentimita 15 upande wa tezi, na hapo ndipo injini inapokaa.