Kamba za kufungia boti kutoka duka la nyavu Mwanga: nailoni safi, ila nenda na tepu yako

Nilibadilisha kamba zote za boti mwanzoni mwa kiangazi, kabla kusi haijashika kasi. Naandika sasa msimu ukiwa umeisha, maana kamba kila moja ni nzuri ikiwa bado iko dukani.

Boti ni ya faiba, mita saba na ushee, mashine moja ya farasi 40. Mchana inapeleka wageni Gombe, usiku inalala kwenye nafasi yake kati ya vigati viwili vya mbao ndani ya ghuba ya Kigoma. Mtu akiona maji ya asubuhi yalivyolala anadhani hata kamba ya kuanikia nguo ingetosha. Lakini ziwa hili la Tanganyika lina urefu wa zaidi ya kilomita 650 kaskazini hadi kusini, na kusi ikivuma kati ya Mei na Septemba inapata uwanja mrefu wa kukuza mawimbi. Mabaki yake yanaingia mpaka kwetu. Ongeza meli za mizigo za Bujumbura na Kalemie zinapoingia na kutoka bandarini. Boti inakwenda mbele, inarudi, inakwenda mbele, inarudi, usiku kucha, na kila mara kinachoisimamisha ni kamba.

Ndiyo maana nilitaka nailoni na si kingine. Nailoni inanyumbuka: boti ikivuta, kamba inarefuka kidogo, inameza ule mshtuko, kisha inarudi. Hizi za plastiki za kijani na bluu zinazofungiwa kila kitu hapa mjini hazina upole huo. Boti ikifika mwisho wake inakatishwa ghafla kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi, na anayeumia si kamba tu, ni zile skrubu zinazoshika vyuma vya kufungia kwenye faiba.

Duka ni la nyavu na kamba, upande wa soko la Mwanga, hapa Kigoma. Halina bango; utaona maboya ya njano yamening'inia mlangoni. Nilimsalimu mama mwenye duka, "Mwakeye, mama," akanijibu na kuuliza hapohapo: "Ya nyavu au ya boti, baba?" Swali hilo peke yake lilinipa moyo. Kwingine wanakuuliza tu unataka ya bei gani.

Kijana wake akaleta roli la kijani. "Nailoni hii, bosi. Haikatiki hata uvutie Fuso." Kwa wauzaji wetu kila kamba isiyo ya katani ni nailoni, kwa hiyo nikaomba ndoo ya maji. Kijana akacheka, mama hakucheka. Alijua nataka nini. Tukakata kipande cha urefu wa kidole kutoka roli la kijani na kingine kutoka roli jeupe la chini kabisa, tukavitupa ndani. Cha kijani kikaelea. Cheupe kikalowa, kikazama taratibu mpaka chini. Plastiki hiyo ni nyepesi kuliko maji, nailoni ni nzito. Poliesta nayo huzama, ila hainyumbuki hivyo, na dukani hapo haikuwepo. Mtihani wa ndoo hauna gharama na hakuna muuzaji anayeweza kubishana nao.

Nikachagua nyeupe ya nyuzi tatu zilizosokotwa, milimita 12. Kwa boti ya urefu huu hata milimita 10 inabeba. Nimeongeza kwa ajili ya kusagika na kwa sababu nyembamba inakata mkono. Kijana alikuwa ananisukumia ya milimita 20. Hapo msikubali. Kamba nene kupita kiasi hainyumbuki kwa boti ndogo, inakuwa gogo tu, na haikai kwenye chuma cha kufungia.

Sasa kipimo. Wanapima kwa pima, yaani mikono miwili iliyonyooshwa, na pima ya watu wazima tunaihesabu futi sita. Kijana yule, Mungu ambariki, ni mfupi. Niliagiza pima 20, akapima haraka haraka, nikatoa tepu yangu mfukoni: zimepungua mita nne nzima. Hiyo ni zaidi ya nusu ya kamba moja ya mshazari, ile inayozuia boti isiende mbele wala nyuma. Mama aliongeza bila kubishana, lakini asingeongeza kama nisingepima.

Huduma iliyonifurahisha zaidi iko barazani. Kuna mzee fundi wa nyavu anasuka vitanzi vya kamba kwa malipo madogo. Nasema kusuka, si kufunga fundo. Fundo linaweza kula theluthi ya nguvu ya kamba au zaidi, kitanzi cha kusukwa kinakula kidogo sana. Alifumua nyuzi tatu, akaziunguza ncha kwa kiberiti, akawa anazipenyeza moja moja chini ya nyuzi za kamba, kinyume na msokoto, akizifungulia njia kwa kijiti kilichochongwa. Kila mzunguko akivuta mpaka kamba inalia. Alitaka kuishia mizunguko mitatu. Nikamwambia, "Mzee wangu, tufike mitano, hii inateleza." Akanitazama juu ya miwani: "Haya, kamba yako." Akafika mitano, na hakuna kitanzi kilicholegea mpaka leo.

Zimekaa hivi. Mbili za mbele, kushoto na kulia, kila moja mita tano. Mbili za nyuma zinapishana, ya kushoto inakwenda gati la kulia na ya kulia gati la kushoto, ili zipate urefu wa kunyumbuka na nyuma isiyumbe. Halafu mbili za mshazari, kila moja ndefu kuliko boti yenyewe: moja inatoka ubavuni kwenda nyuma, inazuia boti isigonge gati kwa kichwa, nyingine inakwenda mbele, inaizuia isirudi. Za mshazari ndizo zinazofanya kazi, na ndizo watu wengi hapa hawafungi kabisa, halafu wanalaumu tairi za kukinga boti na gati.

Hatuna kupwa na kujaa kama Dar, kwa hiyo hakuna kulegeza na kukaza kila siku. Ila ziwa linapanda na masika na kushuka kiangazi, na tangu 2020 limepanda mpaka kuingia kwenye majengo ya ufukweni. Mimi nazikagua upya kila maji yakibadilika.

Baada ya msimu mzima wa kusi, kamba moja ya mshazari imeota manyoya kidogo pale inapopanda ukingo wa boti. Zingine ni ngumu kidogo kwa mkono, basi. Jirani yangu wa plastiki ya kijani, jua limeichakaza mpaka inamwaga vumbi na vichane vinavyochoma vidole.

Lawama zangu: vile vyuma vya kuweka ndani ya kitanzi walivyoniuzia vimeshika kutu haraka mno, achaneni navyo. Mpira wa kuvisha kamba isisagike hawauzi. Nimekata vipande vya mpira wa bustani niliokuwa nao nyumbani. Risiti mpaka uidai. Na bei iko juu, karibu mara mbili ya ile ya plastiki, ingawa ukinunua roli zima mama anapunguza, kwa hiyo tafuta mwenzako mgawane.

Ijumaa mchana wanafunga mpaka watu watoke msikitini. Mzee wa vitanzi mara nyingi anaondoka alasiri, kwa hiyo nenda asubuhi.