Utovu wa nidhamu na jinai

Mtunza stoo akifika kazini saa nne ananuka pombe, huo ni utovu wa nidhamu. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 44, inautaja ulevi kazini kati ya sababu za kumwachisha mtu kazi papo hapo. Akipakia saruji ya mwajiri kwenye tuktuk akaiuze, huo ni wizi, jinai kabisa. Polisi wanaingia.

Uthibitisho nao hautoshani. Jinai huthibitishwa pasipo kuacha shaka. Kazini yatosha kuonekana kuna uwezekano mkubwa kwamba alitenda. Kwa hiyo mtu aweza kushinda kesi mahakamani na bado kazi akaikosa.

Huniuma sana bosi anapomwita mchelewaji "mwizi" mbele ya wenzake. Jina hilo humfuata hadi mtaani.